Sikio la Mpasua Mbao: Mhadhara kwa Mafundi wa Mafinga

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana, poleni na kazi. Asanteni kwa kuzima mashine tuongee.

Nianze na Kitonga, ule mteremko wa barabarani, maana wengi wetu tumeushuka. Basi limepita Iringa, limeiacha Ilula, likianza kuteremka zile kona masikio yanaziba. Unameza mate, yanafunguka. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Huku milimani hewa ni nyepesi. Ukishuka kuelekea Ruaha Mbuyuni hewa ya nje inazidi nguvu, inaisukuma ngoma kwa ndani. Chumba hicho kina mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Ukimeza, mrija unafunguka, hewa inaingia, ngoma inarudi mahali pake. Ndiyo maana mtoto akilia pale konani, mama akimnyonyesha hutulia. Tena mrija wa mtoto ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua yake hupanda sikioni upesi. Akitoka usaha apelekwe zahanati, asitiliwe mafuta.

Humo chumbani mna mifupa mitatu iliyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina urefu wa kama milimita 3, na hakuna mfupa mdogo kuliko huo mwilini. Kazi ya mifupa hii? Sikio la ndani limejaa maji, na sauti ya hewani ikigonga maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Mifupa hii inachukua mtikisiko wa ngoma nzima na kuukandamiza kwenye kidirisha kidogo sana, ndipo maji yanatikisika.

Nyuma ya kidirisha kuna koklea, imejikunja kama konokono, mizunguko miwili na nusu hivi. Ndani yake zimepangwa seli kama 15,000, kila moja ina vinyweleo kichwani. Za karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, za kileleni hupokea sauti nzito. Mwanasayansi Georg von Békésy alipata tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi wimbi la sauti linavyosafiri humo.

Ndugu zangu, seli hizo ndizo zilizonileta hapa. Kuku akiharibikiwa na zake, huota nyingine. Za binadamu hazioti upya. Ulizozaliwa nazo ndizo hizo hadi kaburini.

Baba yangu alipasua mbao miaka mingi. Hakuwa kiziwi, radio aliisikia vizuri. Ila ukimwambia "fika" anasikia "shika", na wajukuu wakiongea anageukia midomo yao. Sauti nyembamba ndizo kelele huziua kwanza, na herufi kama f, s na sh ni nyembamba. Alidhani watu siku hizi wanamung'unya maneno. Tulimkasirikia, na mimi hilo linaniuma hadi leo.

Ukubwa wa kelele hupimwa kwa desibeli. Kwa kelele ya desibeli 85, mtu anaweza kufanya kazi kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Msumeno wa dingdong, ile mashine ya kupasulia magogo, ukiwa kwenye gogo unafika 100 bila shida, na hapo hesabu inakupa robo saa. Kama mwenzako yuko umbali wa mkono na lazima upaze sauti, mmeshavuka desibeli 85. Ukitoka kazini masikio yanalia "nziii", seli zimeumia.

Pamba haitoshi. Nimekuja na vizibo vya sponji. Kisokote kati ya vidole, vilivyo safi, mpaka kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, kiingize, kishikilie kwa kidole mpaka kitanuke. Haya, jaribuni, kisha hesabuni moja hadi kumi kwa sauti. Ukijisikia kama unaongea ndani ya mtungi, umekivaa sawasawa.