Picha ya Dawati: Slaidi za Kuendeshea Darasa la Msingi

(Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi, katika jumuiya ya ujifunzaji)

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za mchana. Asanteni kwa kunikaribisha.

Nianze na hesabu. Mwaka juzi nilimwomba mwenzangu mmoja akae nyuma ya darasa langu kipindi kizima cha Hisabati, aandike alama kila ninapotoa agizo. Mafundisho asiyahesabu, maagizo tu: toeni madaftari, andikeni tarehe, kaa vizuri, penseli yako iko wapi, nyamazeni. Kengele ilipolia alinipa karatasi yenye alama 53. Kipindi ni dakika 40. "Toeni madaftari" peke yake nilikuwa nimelisema mara 11.

Nina wanafunzi 74 wa darasa la tatu. Kila siku ikifika saa tano sauti ilikuwa imekauka, nami nikaamini ni wingi wa watoto unaonimaliza. Wingi ni mzigo kweli, wala sitaki mtu atoke hapa akidhani slaidi inapunguza watoto darasani. Lakini karatasi ile ilinionyesha kwamba sauti yangu ilikuwa inaishia kwenye vitu ambavyo hata picha ingeweza kuvisema.

Kwa hiyo leo naongelea slaidi za kuendeshea darasa. Slaidi za kufundishia somo mnazijua, na mafunzo mengi ya TEHAMA huishia hapo: tunachukua kitabu cha kiada, tunakihamishia ukutani mstari kwa mstari, watoto wananakili. Kwa kunakili ubao unatosha, na chaki haihitaji umeme. PowerPoint, programu ya kutengenezea slaidi, ilipotoka mwaka 1987 ilikusudiwa watu wa ofisini, mmoja amesimama anaeleza, watu wazima wamekaa wanasikiliza. Mtoto wa miaka minane hakai hivyo. Ukimwekea slaidi ya ofisini, dakika ya nne ameshageukia kwa jirani yake.

Slaidi yangu ya kwanza kabisa haikuwa na maneno. Nilichukua dawati moja, nikapanga juu yake daftari la Hisabati limefunguliwa, penseli iliyochongwa upande wa kulia, rula juu ya daftari, mfuko chini ya dawati. Nikapiga picha kwa kishikwambi, nikaiweka ikajaza skrini yote. Asubuhi iliyofuata niliiwasha, nikasimama mlangoni bila kusema neno. Wale wa mbele wakaitazama picha, wakatazama madawati yao, wakatazama tena picha. Kisha nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Rula yako haipo." Wakaanza kupanga.

Kulikuwa na msichana aliyehamia kwetu katikati ya muhula kutoka kijiji cha mbali, Kiswahili bado kinampa taabu. Kila nikitoa agizo alikuwa anasubiri wenzake waanze ndipo aige, kwa hiyo siku zote alikuwa wa mwisho, na alishaanza kuzoea kuwa wa mwisho. Siku ile nilimwona anainamia mfuko wake, anatoa rula, anaiweka juu ya daftari, anainua macho kuhakikisha kwenye picha. Alimaliza kabla ya nusu ya darasa. Nilikuwa nimemchukulia kuwa mtoto mzito, na nilikosea.

Ndiyo maana nasisitiza picha iwe ya dawati lenu wenyewe. Picha ya kupakua kwenye intaneti, yenye dawati la rangi na mtoto mmoja, haimwambii kitu mtoto anayebanana na wenzake wawili kwenye benchi moja.

Slaidi ya pili ninayoitumia kila siku ni ya muda. Kutoka Hisabati kwenda Kiswahili tulikuwa tunapoteza karibu dakika nane: madaftari yanakusanywa, mengine yanagawiwa, mtu anaomba kwenda chooni, mwingine kalamu imeanguka. Na wengi darasa la tatu bado hawajaimudu saa ya mishale. Basi nilichora machungwa matano kwenye slaidi ya kwanza, ya pili manne, mpaka chungwa moja, kisha sahani tupu. Katika sehemu ya mpito wa slaidi unaweka kwamba kila moja isonge yenyewe baada ya dakika 1. Ukishaiwasha unaiacha. Mimi napita kati ya madawati, mtoto akiniuliza kama muda bado upo, namwonyesha machungwa. Siku hizi wananiambia wao: "Mwalimu, limebaki moja!" Mara nyingi sahani tupu inawakuta wameshakaa.

Mengine nitayapitia haraka. Slaidi ya asubuhi inaonyesha vipindi vya siku kwa picha na makundi yenye zamu ya kufagia na kumwagilia bustani. Slaidi ya sauti ina picha tatu: mdomo uliofungwa, watu wawili wananong'ona, kundi linaongea. Mshale unaonyesha kazi hii inataka sauti gani. Ziwekeni daima mahali pale pale, kwa sura ile ile. Mkibadilisha mapambo kila wiki, mtoto anaanza kusoma upya. Maandishi yawe machache na makubwa: mimi husimama ukutani nyuma kabisa, na neno nisilolisoma nikiwa pale nalifuta. Na msitegemee nyekundu na kijani peke yake kumaanisha simama na endelea, kwa sababu wapo watoto, hasa wavulana, wasioweza kuzitofautisha rangi hizo.

Nikae kidogo kwenye jambo moja linaloniuma. Sote tumekulia kwenye shule ambako monita huandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Nimeona mahali desturi hiyo imehamia kwenye slaidi: jina la mtoto, herufi nyekundu, limekaa ukutani kutwa nzima, na mara nyingine alama zake za jaribio zimewekwa pembeni. Nawasihi sana tusifanye hivyo. Jina la ubaoni lilifutwa kipindi kilipokwisha. La kwenye faili linabaki, kesho linafunguliwa tena, linapigwa picha kwa simu, linafika kwa wazazi wa watoto wengine kwenye kundi la WhatsApp. Nimemwona mtoto akiliziba jina lake kwa mwili wake, amesimama mbele ya runinga, anakataa kurudi kukaa. Mambo ya mtoto mmoja yazungumzeni naye pembeni, kwa sauti ya chini. Slaidi ibebe yale tu yanayowahusu wote.

Mwalimu pale dirishani amenyoosha mkono. Anauliza: shule isiyo na projekta je, na umeme ukikatika?

Swali zuri, na ndilo lililonichelewesha mimi mwenyewe. Kwanza, projekta kwenye darasa lenye madirisha makubwa saa nne asubuhi haionekani hata ukitundika khanga. Runinga inaonekana. Yetu ni ya inchi 43, ilinunuliwa kwa michango ya wazazi. Na kompyuta si lazima kila siku. Wengi wetu tuna vishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 kisha vikaletwa kwetu walimu. Tengeneza slaidi humo jioni, zihifadhi kama picha, zihamishie kwenye flashi, chomeka flashi kwenye runinga. Runinga nyingi hufungua picha bila kuhitaji kifaa kingine. Machungwa ndiyo yanataka kompyuta, kwa sababu ya ile dakika moja moja.

Umeme ukikatika, narudi kwenye karatasi. Slaidi nne ninazozitumia zaidi nimezichora kwa mkono kwenye manila, zimeviringishwa juu ya kabati. Watoto wanaijua picha, iwe inawaka au imetundikwa kwa msumari. Hata shule isiyo na umeme kabisa inaweza kuanzia kwenye manila.

Mwenzangu yule alirudi mwishoni mwa muhula, akakaa palepale nyuma na karatasi yake. Safari ile alihesabu maagizo 19. Bado ni mengi, nayafanyia kazi. Ila kipindi hicho niliweza kuchutama kwenye madawati sita na kusikiliza watoto wanavyosoma tarakimu zenye mamia, na ndipo nilipogundua kwamba watatu kati yao wanaisoma 308 kama thelathini na nane. Walikuwa hivyo tangu Januari.

Sasa naomba tufanye kazi. Dawati lile pale pembeni halina kitu. Kila kundi lije, lipange vifaa vya somo moja jinsi mnavyotaka watoto wenu wavipange, mpige picha. Kundi la kwanza, karibuni.