Kisu Butu na Kifuniko Kilichopotea

Habari za mchana. Mlioketi karibu na mlango sogeeni mbele, viti vipo. Waandaaji waliwaambia kila mmoja aje na kisu kimoja cha nyumbani, kile anachokishika mara nyingi zaidi, na naona vingi vimezongwa magazeti kana kwamba wenyewe mnaona haya kuvitoa. Viwekeni chini ya kiti kwanza. Tutavirudia.

Nimepika kwa ajira miaka mingi, baadaye nikawa nafundisha wapishi, na kila niendapo swali ni lilelile: "Ninunue nini?" Anayeuliza hana fedha nyingi, jiko lake ni dogo, jioni anarudi amechoka. Ameona kwenye simu kifaa kinachokatakata kitunguu kwa kuvuta kamba, na anataka nimwambie kama kinafaa. Nami humrudishia swali: wiki iliyopita ulikata vitunguu vingapi? Hajui. Hata mimi nilikuwa sijui mpaka nilipobandika karatasi ukutani karibu na jiko.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Kwa siku saba, kila ufanyapo kazi ya mkono jikoni, chora mstari: kumenya, kukata, kusaga, kuchuja, kukoroga, kusugua. Weka na safu ya kusubiri, maana kusimama mbele ya sufuria isiyochemka ni kazi, muulize aliyesimama. Yangu ilipotimiza wiki, kukata kuliongoza kwa mbali, kusubiri kukafuata. Ya tatu ilinifedhehesha: kutafuta. Kutafuta kifuniko, kutafuta upawa, kutafuta chujio lililozama chini ya mabakuli. Kwa hiyo kifaa cha kwanza nilichonunua baada ya hesabu ile kilikuwa misumari sita na ubao. Nikavitundika vyote mahali mkono unapofika bila kuinama, na safu ya kutafuta ikafutika.

Sasa kukata. Nina nyanya hapa, na kisu nilichoazima jikoni kwa wenyeji wetu. Tazameni. Nakandamiza, nyanya inabonyea, maji yanaruka, ganda bado halijapasuka. (Kicheko.) Mnacheka, lakini nina uhakika nusu yenu mmekuja na ndugu wa kisu hiki. Kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ndiyo inayokifanya kiteleze. Kovu hili kwenye kidole cha shahada nililipata kwa kisu kisichoweza kukata kitunguu. Kiliteleza kwenye ganda kikaja kwangu. Kitunguu chenyewe nacho hukuliza zaidi kinapokatwa kwa kisu butu: ubapa unaponda seli badala ya kuzipasua, na ile gesi inayowasha macho huzaliwa pale seli zinapopondeka.

Nipeni kikombe kile cha kauri. Nakigeuza. Kwenye kitako mnaona duara lisilong'aa, linalokwaruza ukiligusa. Hapo hapakupakwa ile rangi ya kioo, na kauri yake ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Nalaza ubapa, nauinua mgongo kidogo tu, navuta kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha, upande huu mara kumi, upande ule mara kumi. Bila kukandamiza, uzito wa mkono unatosha. Nyanya ya pili. Mmeona? Kimeingia chenyewe.

Kikombe ni cha dharura. Cha kudumu ni kinoo. Ukiwa na fedha za kisu kimoja kizuri sana, nunua kisu cha kawaida na ile tofauti uitie kwenye kinoo. Kisu cha bei kubwa nacho huisha makali kama kingine, na siku hiyo mwenye kinoo atakuwa mbele yako. Vinoo hupewa namba kulingana na ukali wa chembe zake: namba ikiwa ndogo chembe ni kubwa. Kisu cha nyumbani kinatoshwa na 1000. Kama makali yamemeguka, anza na 400, kisha rudi kwenye 1000. Loweka au lowesha kama maelezo yake yanavyotaka, kiweke juu ya kitambaa chenye maji ili kisitembee.

Mahali watu wanapokosea ni pembe. Kwa kisu cha kawaida tunataka nyuzi 15 hadi 20 kati ya ubapa na jiwe. Msipime kwa macho. Wekeni ncha ya kidole kidogo chini ya mgongo wa kisu, ule unene ndio mwinuko wenyewe, kisha ondoeni kidole. Sugua upande mmoja bila kubadili pembe mpaka usikie kwa kidole, ukipapasa kutoka mgongoni kwenda nje, ukingo mwembamba unaokwaruza upande wa pili. Usipapase kwa kufuata urefu wa makali, utajikata. Ukingo huo ni chuma kilichokunjikia ng'ambo, na ndio unaokuambia kuwa upande huu umekamilika. Wengi huacha kabla haujatokea, halafu wanalaumu jiwe. Geuza, fanya vilevile, malizia kwa kuvuta mara chache polepole kila upande.

Ubao wa kukatia: wa mbao au wa plastiki, usiwe wa kioo. Kioo kinaua makali kwa siku moja. Kuna wanaoogopa mbao kwa sababu ya vijidudu. Mtafiti Dean Cliver wa Chuo Kikuu cha California kule Davis alilichunguza jambo hilo na wenzake miaka ya 1990, wakaona bakteria waliomwagwa juu ya mbao huzama ndani na hawaongezeki, taratibu hufa; ubao wa plastiki uliokwisha kuchanwachanwa na visu ndio uliokuwa mgumu kusafisha kwa mkono. Nyama mbichi iwe na ubao wake hata hivyo. Na chini ya ubao wowote, kitambaa chenye maji. Ubao unaocheza ni hatari sawa na kisu butu.

Nihamie kwenye kusubiri, ambako ndiko gesi, mkaa na umeme wenu vinakoishia.

Lita moja ya maji kutoka nyuzi joto 20 hadi 100 inahitaji kilojuli 335 hivi, kilojuli ikiwa kipimo cha nishati. Yakishachemka, kuyageuza maji hayohayo yote kuwa mvuke kunahitaji kilojuli zipatazo 2,260. Gaweni wenyewe. Kila lita inayoondoka kama mvuke imebeba moto ambao ungechemsha lita sita nyingine, na zaidi. Ndiyo maana nasema kifaa cha rahisi kuliko vyote, chenye faida kuliko vyote, ni kifuniko kinachokaa sawasawa. Sufuria nyingi zina vifuniko vilivyopinda, au vilipotea tangu mwaka juzi na mtu anafunikia sahani. Sahani inafaa! Mradi ifunike. Halafu, yakichemka, shusha moto. Maji yanayotokota kwa fujo na yanayotokota polepole yana joto lilelile. Ile fujo ni mvuke unaopeperuka na mafuta yako.

Maharage ni habari nyingine. Kwenye sufuria ya kawaida hata uchochee vipi maji hayapandi juu ya nyuzi 100, na ukiwa mahali palipoinuka mita 1,500 juu ya usawa wa bahari yanachemkia kwenye 95 tu. Hapo sufuria ya presha inaingia. Inaubana mvuke, shinikizo linapanda, maji yanafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Nyuzi ishirini hizo zinaonekana kidogo, lakini kilichotaka saa moja na nusu kinamaliza kwenye nusu saa. Si uvumbuzi wa juzi. Mfaransa Denis Papin aliutengeneza London mwaka 1679, na mwaka 1682 wanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, walikaa mezani wakala vilivyopikwa humo, ikiwemo mifupa iliyolainika kama jibini. Papin ndiye pia aliyebuni vali ya usalama, kwa sababu alijua alichokuwa anacheza nacho.

Najua wanaoiogopa mpo. Mama pale ametikisa kichwa. Tuseme ukweli, mama yangu: inaogopesha ikitumiwa ovyo. Kabla ya kila pishi inua kifuniko kielekee dirishani uchungulie kile kitundu cha mvuke. Ukiona mwanga, sawa. Usipoona mwanga, choma kwa sindano ndefu, usafishe. Usijaze zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage na nafaka zinazovimba na kutoa povu, nusu. Mpira wa kifuniko ukikakamaa au kupasuka, badilisha, wala usiugundishe. Kifuniko kikigoma kufunguka kiache. Kinagoma kwa sababu mle ndani bado kuna shinikizo, kinakuhurumia.

Kwa asiyeweza kuinunua kuna kikapu. Chukua kikapu au sanduku, kisheheneze nguo kuukuu, majani makavu au blanketi, uache shimo la sufuria katikati. Chakula kikichemka barabara, kifunike, kitumbukize humo, ziba juu kwa mto. Kitaendelea kuiva bila moto. Mnorwe aitwaye Johan Sørensen alipeleka sanduku la namna hiyo kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1867, na nyakati za vita kuu, mafuta yalipoadimika, watu wa Ulaya walilirudia. Linahitaji sufuria iliyojaa. Chakula kidogo hupoa upesi.

Hapa nitasimama kidogo, maana hili nimeona linafundishwa vibaya. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoitwa lektini, na huvunjwa na mchemko wa kweli tu. Ukiyapasha kwa joto la chini ya nyuzi 80 sumu inaweza kuzidi kuliko yakiwa mabichi. Basi yaloweke usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, yachemshe kwa nguvu nusu saa nzima kwenye moto, ndipo yaingie kikapuni. Punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumlaza mtu mzima akitapika.

Vilivyobaki nitavipitia mbiombio. Kisu cha kumenyea, kile chenye umbo la Y na ubapa unaochezacheza: Alfred Neweczerzal wa Uswisi alikibuni cha kwake, Rex, mwaka 1947, na mpaka leo sijaona kilichokishinda. Kinamenya ganda jembamba, hakitupi nusu ya kiazi. Mizani ndogo ya kielektroniki, kwa wanaooka: kikombe cha unga uliopepetwa na cha unga ulioshindiliwa hupishana hata gramu 30, na hapo ndipo keki za watu zinapoharibika wakadhani wana mkosi. Koleo refu. Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama; kuku akifika 74 ameiva, hakuna haja ya kubishana. Kikaango kisichonata ni kizuri kwa mayai, ila usikiache kitupu juu ya moto mkali, maana utando wake huanza kuharibika ukivuka nyuzi 260, na kikaango kitupu hufika huko kwa dakika chache.

Na kile cha kuvuta kamba? Nilikinunua, msidhani mimi malaika. Kitunguu kilikatika kwa sekunde kumi. Kisha nikaosha bakuli, mfuniko, jino la kati na mapanga matatu, nikavikausha, nikatafuta pa kuviweka. Kifaa kipimwe pamoja na kuoshwa kwake. Cha mtu apikiaye watu thelathini, naam. Cha vitunguu viwili, hapana.

Ndiyo, dada, uliza.

Dada anauliza kuhusu mama yake, ambaye vidole vinamuuma hawezi kukaza kisu. Swali zuri, na ningepaswa kulianza mimi. Betsey, mkewe Sam Farber wa Marekani, alikuwa na maumivu ya viungo, na kumenya kulimtesa. Farber akatengeneza vifaa vyenye mipini minene ya mpira laini, akavitoa mwaka 1990 kwa jina la OXO, na wasioumwa chochote nao wakavipenda. Huna haja ya kununua hivyo. Chukua mpira wa ndani wa baiskeli, kata vipande, uviringishe kwenye mpini wa kisu cha kumenyea na wa mwiko mpaka unene ujae kiganja, ufunge kwa uzi. Kinachouma ni kubana kitu chembamba. Kwa kisu kikubwa, mnolee wewe kila wiki, na umwekee ubao chini kidogo ya kiwiko chake ili uzito wa bega ufanye kazi badala ya vidole.

Muda wetu unakwisha na meza iko tayari. Vinoo viwili vimelowekwa tangu asubuhi, beseni la maji lipo, na nyanya zimebaki kikapu kizima. Tuanze na wewe, kaka wa shati la kijani. Fungua gazeti, tukione. Ala! Hiki ulikuwa unafungulia makopo? Leta kwenye kile kinoo cha 400.