Twiga wa Njia Panda

KAZUNGU: Hamjambo, wasikilizaji wetu wa Malindi na kwingineko. Bi Saumu ameingia hapa na uso wa mtu aliyegombana na jua, na kwa kuwa mnamfahamu, mnajua kwamba hatutagusa jambo lingine mpaka alitoe lililo moyoni.

SAUMU: Niligombana na jua nikashindwa, Bwana Kazungu. Jumanne, saa tisa alasiri, nilikuwa na mama yangu pale njia panda, kando ya kile kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati, tukisubiri matatu ya kwenda Gede. Upande wetu hapakuwa na mti wala paa. Tulikuwa watu watano, na kivuli kilichokuwepo kilikuwa cha nguzo moja ya umeme, chembamba kama mshipi. Basi tukajipanga mmoja nyuma ya mwingine, na kivuli kilipohama, foleni nzima ilihama nacho. Mama, ambaye magoti hayampi nafasi ya kusimama, aliketi juu ya ndoo ya muuza samaki. Nilipochungulia kwenye tundu la msumari, niliona ndani ya mabati mwarobaini mkubwa, na chini yake mbuzi wawili wamejilaza.

KAZUNGU: Kwa hiyo mbuzi wamepata mji, sisi tumepata nguzo.

SAUMU: Ndiyo maana leo tunauliza kijengwe nini pale. Nimeandika mambo matatu ambayo msikilizaji anapaswa kuyajua kabla ya kutoa maoni yake, na nakuomba tuyafikie.

KAZUNGU: Tutayafikia. Ila jibu langu unalijua: pale pasimame twiga.

SAUMU: Tumeanza.

KAZUNGU: Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga mbele ya mfalme Yongle wa China, na watu wa kule wakamfananisha na qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao. Vasco da Gama alipita hapa mwaka 1498, akakaa siku chache, akapewa rubani wa kumfikisha India, na mpaka leo ana nguzo yake ufukweni. Twiga wetu, aliyevuka bahari ileile miaka zaidi ya themanini kabla yake, hana hata kibao.

SAUMU: Hoja yako ina uzito, lakini nijibu jambo moja. Twiga mzima hufika mita 5. Shingo yake itamfunika nani saa tisa alasiri? Utakuwa umetujengea nguzo nyingine ya umeme, yenye madoa.

KAZUNGU: Tumbo je? Tumbo la twiga lina upana.

SAUMU: Sitaki mama yangu asubiri gari chini ya tumbo la twiga, na wewe ukianza kupima tumbo hatutamaliza.

KAZUNGU: Mimi najiuliza alivyopandishwa chomboni. Je, alisimama safari nzima? Nahodha alipogeuza tanga, nani aliyemwambia ainamishe kichwa?

SAUMU: Huenda alikuwa bado mtoto.

KAZUNGU: Basi tujenge twiga mtoto, mwenye tumbo pana, na chini yake benchi.

SAUMU: Bwana Kazungu, rudi kiwanjani.

KAZUNGU: Nimerudi, na sasa nasema bila mzaha. Pale pajengwe jumba la ghorofa mbili: chini maduka ya kupangisha, baraza pana lenye kivuli mbele yake, choo cha umma nyuma, na twiga wangu juu ya mlango. Kodi ya maduka ndiyo itakayomlipa mfagiaji. Kule New York lipo jengo la Flatiron, lililomalizwa mwaka 1902 juu ya kiwanja cha pembetatu ambapo Broadway inakatana na Fifth Avenue, na watu hutoka mbali kwenda kulipiga picha. Kona ni mali, haifai kulishia mbuzi.

SAUMU: Broadway hiyohiyo, mwaka 2009, ilifungiwa magari pale Times Square, wakatandaza viti ili watu wakae. Mimi ni mtoto wa Lamu, na nimekulia karibu na Mkunguni, mbele ya ngome. Pale pana miti, vibaraza na soko kando. Wazee hukaa, watoto hupita, na hakuna anayekuuliza unanunua nini. Baraza la duka ni la mwenye duka. Mwezi wa kwanza utaketi, mwezi wa pili atapanga ndoo za plastiki na magodoro, na mama atarudi kwenye ndoo ya samaki.

KAZUNGU: Mkunguni umezungukwa na watu wanaopajali, Bi Saumu. Njia panda yetu imezungukwa na malori yanayotoka Mombasa kuelekea Garsen. Kitu cha wote kisicho na mwenyewe huwa jalala. Umeona bustani ngapi zikianza na utepe na kuishia na chupa tupu?

SAUMU: Nimeona pia majumba mangapi ya kona yakiziba macho ya dereva. Ukuta ukifika pembeni, bodaboda anayetoka kushoto haonekani mpaka ameshafika mbele ya lori. Kiwanja kikibaki wazi, kila mtu anamwona mwenzake.

KAZUNGU: Basi jengo lirudishwe nyuma, pembe ikatwe. Mchoro unaweza kutatua hilo.

SAUMU: Mchoro unatatua kwenye karatasi. Vibanda vitajaa mbele ya hiyo pembe iliyokatwa kabla rangi haijakauka.

KAZUNGU: Vibanda vitajaa hata kwenye bustani yako.

SAUMU: Muuza madafu chini ya mti simwiti kibanda.

KAZUNGU: Mimi namwita mpangaji asiyelipa. Sikubali.

SAUMU: Nami sikubali, na mwarobaini ule usiguswe.

KAZUNGU: Fundi wetu wa sauti ananionyesha vidole viwili.

SAUMU: Dakika mbili! Na mambo yangu matatu? Nilitaka kueleza kibali cha kaunti kinavyoombwa chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, kisha mitaro ya maji ya mvua, kisha—

KAZUNGU: Dakika moja. Yaweke mpaka wiki ijayo.

SAUMU: Wiki iliyopita pia uliniambia niyaweke. Haya, Jumanne mama anarudi Gede, na safari hii nitabeba kigoda.

KAZUNGU: Beba viwili. Nitakuja na futi, nipime tumbo linatakiwa kuwa pana kiasi gani.