Kabla ya Kuuliza Terabaiti Ngapi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa uzamili na uzamivu ambao mwezi ujao mnatawanyika kwenda kukusanya data wilayani, nawashukuru kwa kunipa tena nafasi hii. Nimeombwa kuzungumzia namna ya kuchagua diski ya nje, ile ambayo madukani inaitwa eksteno, kwa mtu atakayeitumia katika kompyuta zaidi ya moja. Nimekwisha kulisema jambo hili mara nyingi, na bado kila mwaka, ifikapo juma la kukabidhi tasnifu, hubisha mlangoni kwangu mtu aliyeshika diski kwa mikono miwili kama aliyebeba kifaranga mgonjwa. Hilo hunihuzunisha, kwa sababu mara nyingi diski yenyewe huwa nzima kabisa.

Muuzaji akikuona umesimama mbele ya kabati lake atakuuliza unataka terabaiti ngapi. Mimi nakuomba ujiulize kwanza swali jingine: diski hii itachomekwa wapi na wapi? Itachomekwa katika kompyuta mpakato yako, ambayo pengine ni ya Windows. Itachomekwa katika kompyuta ya maktaba, ambayo ni ya Windows lakini ni ya zamani. Itachomekwa katika Mac ya msimamizi wako, katika mashine za Linux za maabara ya takwimu, na mwishowe katika kompyuta ya steshenari unakokwenda kuchapisha na kujalidi kazi yako. Mtu ambaye hajaiandika orodha hiyo hajawa tayari kutoa fedha mfukoni.

Miaka michache iliyopita alikuja kwangu binti mmoja aliyekuwa akifanya utafiti kuhusu masoko ya samaki. Alikuwa amenunua diski nzuri ya terabaiti 1, na hakukosea chochote katika ununuzi wake, ila hakuna aliyewahi kumweleza habari ya mfumo wa faili, yaani utaratibu ambao kompyuta huutumia kupanga na kuorodhesha vitu vilivyomo ndani ya diski. Diski yake ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa NTFS, mfumo ambao Windows NT ilikuja nao mwaka 1993. Mac huweza kusoma diski ya NTFS, lakini bila kuongezewa programu haiwezi kuandika humo hata herufi moja. Kwa hiyo binti alipoipeleka kwa mpiga picha wa mradi, mwenye Mac, ili amwekee video za mahojiano, diski ikakataa kupokea. Kwa kuwa ilikuwa tupu, mpiga picha akaifuta na kuipanga upya kwa APFS, mfumo ambao Apple iliuingiza katika kompyuta za Mac mwaka 2017. Video zikaingia bila shida. Binti mwenyewe alikuwa ameazimwa Mac na mradi huohuo, akaendelea kuweka humo rekodi za sauti, picha za fomu na rasimu za sura zote za tasnifu. Kwa miezi saba hakuona tatizo lolote, kwa sababu katika miezi hiyo yote diski haikuwahi kukutana na kompyuta ya aina nyingine.

Mradi ukaisha, Mac ikarudishwa, naye akaenda steshenari jioni, siku moja kabla ya kukabidhi. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Kijana wa pale akachomeka diski, na kompyuta ikaandika kwenye kioo kwamba diski iliyo katika E ni lazima ifomatiwe, yaani ifutwe na kupangwa upya, kabla ya kutumika, kisha ikauliza kama ifomatiwe. Kijana akamgeukia akasema, "Dada, inataka ifomatiwe kwanza." Naye akajibu, "Sawa kaka, fanya haraka, nina mtu ananisubiri."

Naomba mtulie hapo kidogo, kwa maana hapo ndipo somo lote la leo lilipo. Yule kijana hakuwa na nia mbaya, na yule binti hakuwa mzembe. Windows haiifahamu APFS. Inapokutana nayo haiwezi kusema, "Hii ni diski ya Mac, ina kazi ya mtu ndani, msiiguse". Inachoona ni diski isiyo na mpangilio inaoujua, na diski ya namna hiyo huichukulia kama daftari ambalo halijapigwa mistari. Ule ujumbe umeandikwa kwa sauti ya amri, na mtu mwenye haraka huusoma kama hatua ya kawaida, kama kuwasha printa. Kila anayenisikiliza leo na alishike hili: kompyuta ikikwambia diski yako ni lazima ifomatiwe, nawe unajua kwamba ina kazi yako, bonyeza kitufe cha kukataa, ichomoe, uipeleke katika kompyuta ambako ilifanya kazi mara ya mwisho.

Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya vilivyomo na kuacha sehemu kubwa ya data pale ilipokuwa, kwa hiyo tulikaa na diski ile siku tatu tukiipitisha katika programu za kuokoa faili. Rekodi nyingi zilipatikana, lakini zilirudi bila majina na bila folda. Rekodi iliyokuwa na jina la soko, tarehe na namba ya mhojiwa ilirudi ikiwa na tarakimu tupu. Binti alikaa wiki tatu katika pembe ya maabara yetu, visikizi masikioni, akiwatambua wahojiwa wake kwa sauti. Niliona daftari lake, alikuwa ameandika, "Mama wa dagaa, yule wa pili, anakohoa." Rasimu ya sura ya nne haikupatikana kamwe, na alipewa nyongeza ya muda ili aiandike upya.

Diski ileile, kwa bei ileile, ingeweza kupangwa kwa exFAT siku iliponunuliwa, na hayo yote yasingetokea. exFAT ni mfumo uliotoka Microsoft mwaka 2006, na leo Windows na Mac huusoma na kuuandika bila nyongeza yoyote. Mac imefanya hivyo tangu toleo 10.6.5 la mwaka 2010. Mwaka 2019 Microsoft ilichapisha maelezo ya mfumo huo hadharani, na toleo 5.7 la kiini cha Linux, la mwaka 2020, likaja na programu endeshi yake kamili, yaani ile inayoiwezesha Linux kuusoma na kuuandika mfumo huo. Kubadilisha mfumo wa faili katika diski mpya huchukua chini ya dakika moja. Ikiwa kuna jambo moja mtaondoka nalo hapa, liwe ni kuifanya kazi hiyo siku ya kwanza, diski ikiwa bado tupu.

Kuna atakayesema kwamba kila mtu anayemjua anatumia Windows, basi NTFS inamtosha. Inamtosha kweli, mpaka siku atakapokutana na mtu asiyemjua: mtahini wa nje, mhariri, au mfadhili. Mwingine ataniuliza kwa nini nisipendekeze FAT32, mfumo mwingine wa faili ambao hata televisheni nyingi huusoma. Sababu ni kwamba FAT32 haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4, hata diski ikiwa na nafasi tele, na video moja ndefu ya mahojiano huuvuka mpaka huo kwa urahisi.

Hata hivyo sitaki kuwaficha udhaifu wa exFAT, maana nao nimeuona kwa macho. Chukueni mfano wa mwenye duka anayeandika kwanza daftarini kwamba fulani anachukua kilo mbili za sukari kwa mkopo, kisha ndipo anampimia. Taa ikizimika katikati ya kupima, kesho atalifungua daftari na kujua biashara ilifika wapi. NTFS hufanya kazi kwa namna hiyo: kila badiliko la orodha huandikwa pembeni kabla ya kutekelezwa. exFAT haina daftari la namna hiyo. Ukichomoa waya wakati kompyuta bado inaandika, au umeme ukikatika ukiwa kwenye kompyuta ya mezani, orodha inaweza kubaki nusu ya zamani na nusu mpya, na diski nzima ikakataa kufunguka. Ndiyo maana nasisitiza, na najua nawachosha, kwamba diski iondolewe kwa amri ya kuondoa kwa usalama, kisha isubiriwe itulie, ndipo ichomolewe. Wajuzi miongoni mwenu watasema kwamba Windows, tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, imepangwa mtu aweze kuchomoa bila amri hiyo. Mpangilio huo hupunguza data inayosubiri kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Haumlindi mtu anayechomoa faili ikiwa katikati ya kunakiliwa, wala haupo katika Mac. Nakala yako ya pili isiyosafiri, ile inayobaki nyumbani na kutumiwa na kompyuta moja tu, iache katika mfumo wenye daftari.

Sasa nije kwenye aina ya diski. Diski ya kuzunguka ina sahani ndani yake na kichwa kinachoelea juu ya sahani hizo kwa umbali wa nanomita chache tu, na ikianguka kutoka mezani wakati inazunguka, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza. Anayepanda daladala asubuhi na bodaboda jioni, diski ikiwa mkobani, angefanya vizuri kununua SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, hata kama fedha yake itamfikisha kwenye gigabaiti 500 tu badala ya terabaiti 2. Lakini SSD isifungiwe kabatini kwa miaka bila umeme, kwa kuwa chaji inayobeba data hupungua taratibu. Kazi ya kukaa kabatini iachiwe diski ya kuzunguka.

Tundu la USB nalo lina habari zake. USB 2.0, ambayo bado imo katika kompyuta nyingi za maktaba, hutoa miliampia 500, wakati USB 3.0 hutoa 900. Diski ya kuzunguka inapoanza kuwaka huhitaji umeme mwingi kuliko inapokuwa imekwisha kuwaka, na katika tundu dhaifu utaisikia ikilia tik, tik, kisha inatoweka kwenye kioo na kurudi tena. Wengi hudhani imekufa. Jaribuni kwanza tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, na waya mfupi. Kasi pia hutofautiana: gigabaiti 200 ambazo katika USB 3.0 zinahamishwa kwa takriban nusu saa, katika USB 2.0 zitakuchukua zaidi ya saa moja na nusu. Na waya uliokuja na diski ukiwa na vichwa vya Type-C pande zote mbili, nunua wa pili wenye kichwa cha USB ya kawaida, kwa sababu kompyuta ya maktaba haina tundu hilo dogo.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia kwa haraka. Diski ya terabaiti 1 itaonyesha gigabaiti 931 katika Windows, na hapo hamjaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Walioibiwa ni wale walionunua diski ya terabaiti 16 kwa bei ya flashi. Ndani yake mara nyingi huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, na programu iliyofundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Ikijaa, hupokea faili mpya huku ikipoteza zilizokuwamo. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, huijaza diski yote na kuisoma tena ili kuthibitisha. Ifanyeni kazi hiyo ndani ya siku ambazo muuzaji bado anakubali kuirudisha.

Kuhusu virusi vinavyogeuza folda kuwa njia za mkato, faili zenu kwa kawaida hazijafutwa, zimefichwa tu. Msibonyeze hiyo njia ya mkato, leteni diski kwetu.

Kuhusu siri za wahojiwa, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na diski yenye majina na hali za afya za watu haipaswi kusafiri wazi. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, programu ya Windows ya kufunga diski kwa nenosiri, haifunguki katika Mac bila programu ya ziada. VeraCrypt, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux, ila ni lazima kila kompyuta iwe nayo, jambo ambalo steshenari hamtalipata. Kwa hiyo steshenari pelekeni flashi yenye PDF ya tasnifu peke yake. Sioni sababu ya diski ya utafiti kufika pale.

Na kuhusu kuhifadhi mtandaoni, nakubali kabisa kwamba maandishi yenu yawe huko pia. Lakini aliye kijijini na gigabaiti 200 za video ajipigie mwenyewe hesabu ya bando.

Waliokuja na diski wasogee kwenye meza ya kushoto, ambako tumeweka kompyuta tatu, ya Windows, ya Mac na ya Linux, na maabara itabaki wazi hadi saa kumi na mbili jioni. Kabla sijaigusa diski ya mtu nitamuuliza nakala ya vilivyomo iko wapi. Asiye nayo tutaanza na kuinakili, hata ikitulazimu kumaliza kesho, kwa sababu kubadilisha mfumo wa faili kunafuta kila kilichomo, na mikononi mwangu kutavifuta vilevile kama kulivyovifuta mikononi mwa yule kijana.