Mpini wa Mpera

FESTO: Kamwene, kamwene wasikilizaji! Mimi ni Festo, na huyu hapa anayekunywa chai kabla sijamaliza hata kusalimia, mnamjua.

TUMPE: Baridi hii ya Iringa haisubiri salamu zako. Ugonile kwa watu wa Tukuyu na Kyela. Wengine wote kamwene.

FESTO: Leo tunazungumzia mila na elimu bora. Tumpe amekuja na karatasi kabisa, ana mambo manne ya kumsaidia mzazi.

TUMPE: Matano.

FESTO: Matano. Lakini kabla hujafungua hiyo karatasi, naomba niseme yaliyonikuta wiki hii.

TUMPE: Nilijua. Sema.

FESTO: Binti yangu, yule wa darasa la nne, Ijumaa jioni karudi na orodha. Fagio la chelewa, rimu la karatasi, na jembe lenye mpini. Vyote Jumatatu asubuhi. Fagio nikanunua, rimu nikalia kidogo nikanunua. Jembe nikasema hapana, twende kwa babu yako, pale ana majembe ya kutosha. Jumamosi tukashika njia ya Kalenga.

TUMPE: Ukaenda kukwepa gharama.

FESTO: Nikaenda kusalimia wazazi! Sasa mzee akatoa jembe la zamani, lile lenye mkia unaochomekwa kwenye kichwa cha mpini. Mpini wake umeliwa na mchwa. Mimi nikasema baba, nitakata mlingoti hapo nje, dakika tano tumemaliza. Mzee akaniangalia kama hanijui. Akapanda darini jikoni akashusha mti wa mpera, mweusi kwa moshi, sijui umekaa humo tangu lini. Akamwita mjukuu wake: mama, njoo usimame hapa. Akamsimamisha wima, akamwekea ule mti kifuani, akatia alama kwa kisu. Pale pale ndipo ulipokatwa.

TUMPE: Alimpima?

FESTO: Alimpima kama fundi cherehani. Halafu kazi yote akamwachia mtoto, yeye akakaa kwenye kigoda. Mtoto akamenya, akalainisha kwa kipande cha chupa. Ule mkia wa jembe ukawekwa motoni mpaka ukawa mwekundu, ukachomekwa kwenye kichwa cha mpini, moshi huo! Tundu la kwanza likaenda upande. Mzee hakusema neno. Akageuza tu kile kichwa, akamwonyesha mishipa ya mti inavyokwenda, akasema fuata hii. La pili likakaa. Tumeingia asubuhi, tumetoka jua linazama.

TUMPE: Nzuri. Kweli nzuri. Ila mbona mpera?

FESTO: Mbona mpera nini?

TUMPE: Mpini ni mbuni, Festo. Mbuni mzee aliyechoka kuzaa, unamng'oa, unamkausha. Rungwe nzima wanajua.

FESTO: Mbuni? Yule ndege mwenye shingo ndefu?

TUMPE: Mbuni wa kahawa!

FESTO: Wasikilizaji, Wanyakyusa wanalimia ndege.

TUMPE: Cheka tu. Mpini wa mbuni unarithiwa. Huo mpera wenu ukipasuka utaniambia.

FESTO: Fundi mitambo anatupungia mkono huko kwenye kioo. Anasema nini? Mwati? Toka hapa. Huyu ni wa Njombe, kwao ukitoka mlangoni unagonga mwati. Kampuni ya TANWAT walipanda miti ile wapate magome ya kusindika ngozi, nyie mnajifanya ni urithi wa mababu.

TUMPE: Lakini hapo unajua umegusa kitu? Miti yote hii imekuja juzi. Mpera ni mgeni, kahawa kwetu imekuja na wamisionari, mwati huo wa kampuni. Sasa mila yako ya mpini wa mpera ina umri gani?

FESTO: Mila ni namna ya kuchagua mti. Hata ukileta mti kutoka mwezini, mzee atauangalia mishipa.

TUMPE: Haya, nimekusikia. Malizia Jumatatu.

FESTO: Jumatatu mtoto kabeba jembe lake, mabega juu. Jioni namuuliza, mwalimu amesemaje? Anasema mwalimu ameandika kwenye daftari "jembe 1", likaingia stoo. Ulipofika muda wa shamba, jembe lake kapewa kaka wa darasa la saba. Yeye kapewa lenye mpini unaompita kichwa. Tumpe, niliumia. Mzee aliyeishia darasa la nne la mkoloni kamfundisha kipimo, moto, subira na adabu ya chombo, siku moja. Shule ikaandika "jembe 1".

TUMPE: Mimi nimeandika hiyo "jembe 1", Festo. Nilipokuwa nafundisha Mbarali niliiandika sana. Una darasa limefurika mpaka wengine wanakaa chini, kengele imelia, ukaguzi wiki ijayo. Nitauliza kila mpini umetoka kwa babu yupi?

FESTO: Silaumu mwalimu.

TUMPE: Umelaumu.

FESTO: Nalaumu mpango. Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere, Machi 1967. Mwanzoni mwa waraka ule anasema kabla ya mkoloni hatukuwa na shule lakini watoto walielimishwa, kwa kuishi na kutenda. Mtoto alijifunza shambani kwa sababu shamba lilikuwa la kwao. Na akataka shamba la shule liwe hivyo hivyo, watoto wapange, wapime, waone faida na hasara, waamue mapato yaende wapi. Tukachukua nini kwenye yote hayo? Jembe.

TUMPE: Tukachukua EK, hiyo Elimu ya Kujitegemea kwa kifupi, ikawa adhabu ya jembe. Ukichelewa, EK. Ukiongea kilugha, EK. Nakumbuka tulivyokuwa tunapanda mahindi ya mwalimu mkuu tukiambiwa tunajenga taifa.

FESTO: Sasa unakubaliana na mimi.

TUMPE: Hapana, subiri. Unataka nini hasa? Babu aje shuleni?

FESTO: Aje! Alhamisi moja kwa mwezi. Apewe kiti na chai. Tuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili kwenye mtaala huu ulioanza 2024. Nani wa kulifundisha kuliko mzee? Au tutauliza kwenye mtihani: mtoto mwenye heshima humsalimia nani kwanza, A, B au C?

TUMPE: Hilo lilishajaribiwa, na ni hapa hapa kwenu. Malangali.

FESTO: Malangali hii ya Mufindi?

TUMPE: Hii hii. Shule ilifunguliwa 1928, na Mwingereza mmoja wa idara ya elimu, Mumford, akasema tusiwaharibu hawa watoto kwa kuwafanya Wazungu weusi, tuijenge shule juu ya mila zao. Wavulana wakavaa nguo za asili. Wakajifunza kurusha mikuki na kucheza ngoma, wazee wakaitwa kuja kufundisha desturi za kabila. Ni hii Alhamisi yako, ila kila siku.

FESTO: Mbona huyo mtu alikuwa na akili?

TUMPE: Akili ya nani? Wakati huo huo Tabora kuna shule ya watoto wa machifu, inafuata mtindo wa Uingereza. Nyerere mwenyewe kasoma huko. Wewe mzazi wa Malangali, mwanao arushe mkuki, wa mwenzako ashike kalamu awe karani. Mkuki alikuwa anaujua tangu nyumbani! Alikwenda shule kutafuta kile ambacho nyumbani hakipo. Jaribio lenyewe halikudumu, Mumford alipoondoka shule ikarudi kuwa shule.

FESTO: Lilikufa kwa sababu lilikuwa la Mumford. Mkoloni anachagua mila gani inafaa, mzee kawekwa pale kama kinyago. Baba yangu na mjukuu wake ni jambo jingine.

TUMPE: Na ukimleta shuleni atachaguliwa na nani? Ofisa elimu kata. Atapewa ratiba, atakaguliwa. Utakuwa umemgeuza Mumford.

FESTO: Kwa hiyo tuache?

TUMPE: Kwa hiyo babu abaki nyumbani, shule ifundishe hesabu vizuri. Mtoto wako ana babu njia ya Kalenga. Nilikuwa na watoto darasani wazazi wamefariki, wanalelewa na bibi anayefanya vibarua vya mpunga toka alfajiri. Mtoto yule jioni amwone nani kwenye kigoda? Kwake yeye shule ndiyo kila kitu. Ukigeuza vipindi vyake kuwa hadithi za mpini, umemwibia.

FESTO: Huyo ndiye anayemhitaji mzee kuliko wangu! Wangu anaye bure. Huyo hana, basi shule impe.

TUMPE: ...Hilo nalo lipo. Lakini bado.

FESTO: Bado nini?

TUMPE: Bado hujaniambia mzee atafundisha nini kwa msichana.

FESTO: Binti yangu ndiye aliyechoma tundu.

TUMPE: Kwa baba yako mmoja. Mimi nakuambia nilichokulia. Kwetu msichana alikuwa anachumbiwa kabla hajavunja ungo. Na hata ilipokwisha hiyo, adabu aliyofundishwa ni kunyamaza. Usimwangalie mkubwa, usiulize, pokea kwa mikono miwili. Ndipo anakuja mtu kutoka Dar, anatafuta dada wa kazi, anasema nipeni wa Iringa, wana heshima. Umeisikia hiyo?

FESTO: Nimeisikia.

TUMPE: Heshima hiyo maana yake hatauliza mshahara. Amesoma darasa la saba, amefuzu mila zote, anafanya kazi mwaka mzima anaambiwa hela yako nakutunzia. Hakuna aliyemfundisha kusema hapana kwa mtu mzima. Wala shule, wala bibi.

FESTO: Sasa hapo shule nayo imeshindwa, mbona unaipa mila peke yake?

TUMPE: Kwa sababu shule unaweza kuidai. Kuna mtaala, kuna mkaguzi, unaweza kwenda kikao cha wazazi ukapiga kelele. Mila utamdai nani?

FESTO: Wazee wenyewe. Mila zinabishaniwa siku zote. Na wewe Mnyakyusa ndiye wa mwisho kuniambia mila ni kunyamaza. Vile vijiji vya rika vyenu je?

TUMPE: Umevisoma wapi?

FESTO: Wewe ndiye uliyenisimulia, siku ile tunarudi Mbeya gari limeharibika Igawa.

TUMPE: Haya. Kwa wasiojua: zamani kwetu mvulana akifika miaka kumi hivi anaondoka kwa baba yake. Wanajenga vibanda vyao na wenzake wa rika pembeni ya kijiji, ndiko wanakolala. Kuchunga ng'ombe wanawaachia wadogo zao, mchana wanalima mashamba ya baba zao, kula wanakwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikuja Unyakyusa miaka ya 1930 wakaandika hayo. Kuna neno letu, ukwangala, kukaa na wenzako kwa raha na mazungumzo. Walisema akili inapatikana humo, mtu asiyekaa na wenzake hawezi kuwa na busara.

FESTO: Umeona? Watoto wanajadiliana, wanaamua mambo yao bila mtu mzima kusimama na fimbo. Shule gani leo inafanya hivyo?

TUMPE: Wavulana, Festo. Wavulana. Msichana alikuwa anapika hicho chakula wanachokwenda kula kwa kundi.

FESTO: Basi chukua ukwangala, weka na wasichana.

TUMPE: Ukishaweka wasichana si ukwangala tena, ni bweni.

FESTO: Kwa nini isiwe? Si umesema mwenyewe kahawa imekuja juzi, na leo ndiyo mila yenu? Kitu kinaingia, kinakuwa chetu.

TUMPE: Kinakuwa chetu kikija na faida. Nani atalipia hiyo ukwangala yako mpya? Mimi sikubali, na usinibembeleze.

FESTO: Na mimi sikubali kwamba mila ni mtego tu.

TUMPE: Sijasema mtego tu.

FESTO: Umesema utamdai nani.

TUMPE: Na hujanijibu.

FESTO: ...Kunywa chai. Fundi anaonyesha simu, kuna ujumbe wa sauti umeingia kwenye WhatsApp. Tulitangaza mada jana, labda kuna mzazi ana jibu. Weka tusikie. (Sauti haisikiki vizuri.) Anasema... eti mpini wa mbuni huwa unateleza mkono ukitoka jasho.

TUMPE: Huyo si mzazi, huyo ni ndugu yako. Ulishazungumza naye.

FESTO: Haki ya Mungu simjui! Na mwingine huyu, wa Makete: anasema mnabishana mipini wakati jembe lenyewe mlinunua kwao.

TUMPE: Hapo kasema kweli. Wakinga ndio waliokuwa wakiyeyusha chuma milimani na kufua majembe, Wanyakyusa tunashuka nayo bondeni baada ya kutoa chakula na mifugo.

FESTO: Kwa hiyo Mkinga amekuuzia jembe enzi za mababu, na leo ukienda dukani Mbeya mjini ukitaka jembe, nani kasimama kaunta?

TUMPE: Mkinga.

FESTO: Na hapunguzi bei!

TUMPE: Lakini hiyo ndiyo elimu ya kuzungumzia, uhunzi. Kijana anakaa na mhunzi anavukuta mvukuto kwanza, nyundo baadaye. Hata biashara, mpaka leo kijana wa Kikinga anaanza kwa kukaa dukani kwa mjomba, anafagia, anabeba mizigo, halafu ndipo anaonyeshwa bei ya jumla.

FESTO: Aha! Kumbe unakubali!

TUMPE: Nakubali ufundi. Ufundi una kipimo, jembe likivunjika mhunzi ameshindwa, kila mtu anaona. Maadili ya kunyamaza hayavunjiki mbele za watu.

FESTO: Fundi anaonyesha kidole kimoja. Dakika moja? Tumpe, karatasi yako! Mambo matano!

TUMPE: La kwanza lenyewe lina vipengele vitatu.

FESTO: Soma vichwa.

TUMPE: Siwezi kusoma vichwa, watu watadhani ni orodha ya shule. La tatu ndilo lilikuwa muhimu, lugha ya nyumbani na Kiingereza cha sekondari, na hatujaligusa.

FESTO: Wiki ijayo basi.

TUMPE: Wiki ijayo tuna mgeni wa chakula cha mchana shuleni, tumeshamwahidi, anatoka Mafinga na basi la asubuhi.

FESTO: Basi ile ya baadaye. Wasikilizaji, tuma ujumbe wa sauti, na tafadhali, kuhusu elimu.

TUMPE: Na ukiwa na jibu la swali langu, utamdai nani, litume kwangu, usimtumie Festo.