Kumpeleka Mtoto Kuvua kwa Ndoano kwa Mara ya Kwanza

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo nipo na binti yangu wa miaka sita, ambaye hajawahi kushika ndoano, nami nitakuonesha tunavyoanza.

Chagua maji kwanza. Sisi wa Dodoma tukitaja samaki mawazo hukimbilia Bwawa la Mtera, lakini Mtera kuna mamba na viboko, na hapo simpeleki mtoto. Bwawa la Hombolo ni karibu na mji, ila wakati wa kiangazi maji yakirudi nyuma huacha ukingo wenye tope lililokauka juu tu, ambalo mtoto akilikanyaga huzama ghafla. Tena maji yaliyotuama yenye konokono huweza kubeba vimelea vya kichocho, navyo hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Kwa hiyo leo tupo kwenye bwawa la mfugaji wa perege, aliyeturuhusu kwa makubaliano kwamba tutalipia kwa kilo. Ukienda bwawa la umma, muulize kwanza afisa uvuvi wa halmashauri kuhusu leseni.

Mvalishe mtoto jaketi okozi hata kama maji yanamfika kiunoni, nawe ukae upande wa maji, yeye upande wa nchi kavu. Miezi ya Juni na Julai msiwahi sana, kwa kuwa asubuhi zetu zina baridi na perege huwa wazito kula. Saa tatu inatosha.

Sasa tazama vifaa. Ufito huu una urefu wa mita moja na nusu, na mshipi nimeukata ulingane nao, ili ndoano ikiachiwa irudi mkononi mwa mtoto badala ya kuning'inia usoni pake. Chelezo, yaani kile kinachoelea juu ya maji kutuonesha samaki akigusa chambo, nimekikata kwenye kandambili kuukuu. Ndoano ni ndogo, na kile kijino chake kinachorudi nyuma nimekibana kwa koleo mpaka kikalala, kwa sababu ikimchoma mtu itachomoka kirahisi. Samaki mmoja mmoja atatuponyoka, na mimi sioni hasara.

Kwa chambo, mpe mtoto ugali mgumu aufinyange mwenyewe vidonge vidogo kama punje ya mahindi. Nyungunyungu ni wazuri pia, lakini wangu amewakataa katakata.

Teremsha chambo polepole, kisha mwambie atazame chelezo tu. Kikitikisika asivute, kwa maana perege huonja kwanza. Kikizama au kikikimbia pembeni, ainue ufito taratibu. Tazama, kimetikisika... amevuta mapema, na ugali umekwenda. Usimkemee. Mwachie afinyange kidonge kingine, hata ikibidi mara kumi.

Huyu hapa, wa kiganja kimoja! Lowesha mikono kabla ya kumshika, laza miiba ya mgongoni kwa kiganja ukianzia kichwani kuelekea mkiani, ndipo uchomoe ndoano kwa kuirudisha ilikoingilia. Angekuwa kambale ningemtoa mwenyewe, kwani miiba ya mapezi yake ya kifuani huchoma vibaya.

Mtoto akianza kurusha mawe majini, kunja mshipi mwende nyumbani. Sisi tumevua kwa dakika arobaini, tumepata wawili, na yule samaki mdogo tumemrudisha bwawani kwa sababu binti yangu ndiye aliyemvua na ndiye aliyeamua.