Hereni Kwanza, Kidani Mwisho: Kutunga Seti kwa Shanga za Chupa

Habari zenu. Nimeombwa nizungumzie namna ya kutunga seti ya kidani, bangili na hereni kwa shanga za kioo cha chupa kuukuu. Nitaanza na jambo ambalo pengine mtanibishia: kidani, ambacho kila mtu hukikimbilia, kitungwe mwisho.

Sababu imo ndani ya shanga zenyewe. Wakrobo wa Ghana, mafundi wanaojulikana sana kwa kazi hii, huvunja chupa na kuvijaza vipande katika vishimo vya kalibu ya udongo iliyopakwa kaolini (udongo mweupe laini) ili kioo kisigande, kisha kalibu huingia tanurini. Kioo kikishalainika, fundi hukitoboa kwa chuma chenye ncha na kukizungusha papo hapo, kingali cha moto, mpaka kiviringike. Iko pia aina ya unga wa kioo. Hapo tundu huachwa na kikonyo cha jani la muhogo kinachosimamishwa katikati ya unga na kuteketea motoni. Mwishoni shanga husuguliwa juu ya jiwe kwa mchanga na maji. Kazi yote ni ya mkono, kwa hiyo katika uzi mmoja mtakuta ushanga wa milimita 11 jirani na wa 13, mmoja mviringo kabisa, mwingine umebonyea, na tundu la watatu limekwenda upande.

Sasa fikirini. Hereni zinadai mapacha: kipenyo kimoja, rangi moja, tundu lililokaa katikati, maana mtazamaji anaziona mbili kwa mpigo, kushoto na kulia. Kidani hakidai hivyo. Ukiwapanga wakubwa mbele na wadogo kisogoni, tofauti ya milimita 2 inageuka kuwa pambo. Anayeanza na kidani huwatumia mapacha wake wote humo, kisha anahangaika kutafuta jozi ya masikio kwenye mabaki. Kwa hiyo mwageni shanga zote juu ya kitambaa cheupe, mchana, karibu na dirisha. Tengeni jozi za hereni, na moja ya akiba. Halafu toeni za bangili, zinazolingana unene. Zinazobaki, pamoja na zenye kasoro, ndizo za kidani.

Na nunueni za seti nzima siku moja, tena za mkupuo mmoja, yaani zilizotengenezwa pamoja. Rangi hizi hazikupakwa; ni za kioo chenyewe. Buluu iliyokolea hutokana na kobalti, kahawia ya chupa hutokana na chuma na salfa, na kijani cha chupa moja si kijani cha chupa nyingine. Mkirudi mwezi ujao mtapata kijani kingine, hata muuzaji aape vipi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Ushanga unaopitisha nuru huonekana tofauti kulingana na mahali unaponing'inia. Sikioni, nuru inapita nyuma yake, unang'aa. Ukilala kifuani juu ya ngozi au nguo, nuru ya nyuma haipo, na ushanga uleule unaonekana mweusi zaidi. Ukitaka seti isomeke kama rangi moja, zile zilizofifia kidogo ziende kwenye kidani, zilizokolea ziende masikioni. Wengine hufanya kinyume, wakidhani kidani ndicho kinachostahili rangi kali, kisha wanashangaa kwa nini kimezima.

Uzito nao. Ushanga wa milimita 14 una gramu 3 na ushei. Wa milimita 10 una gramu 1 hivi. Kipenyo kimepungua kidogo, uzito umeanguka hadi theluthi moja. Kidani cha sentimita 45 cha shanga za 14 tupu kinapita gramu 100. Shingo inastahimili, lakini sikio lenye shanga 3 za namna hiyo litalalamika kabla ya jioni. Masikioni wekeni ndogo, na ndoano ziwe za fedha au titani, kwa kuwa nikeli huwasha ngozi za watu wengi.

Bangili ina hesabu yake, na ndiyo inayowaangusha wengi. Shanga nene hula nafasi ya ndani. Pimeni kifundo cha mkono, mkaongeze kipenyo cha ushanga mara 3.14, halafu sentimita 1 ya kupumua. Mkono wa sentimita 16 kwa shanga za milimita 12 unataka mtungo wa karibu sentimita 21, pamoja na kishikizo. Ukitunga 17 kwa kufuata utepe wa kupimia, haitafunga.

Kabla ya kutunga, osheni shanga kwa maji ya vuguvugu na brashi nyembamba. Ule unga mweupe tunduni ni kaolini, nao hutoka kidogo kidogo na kuchafua nguo. Kingo za tundu zikiwa kali, zisugueni kwa tupa nyembamba ya almasi, ushanga ukiwa ndani ya maji, msije mkavuta vumbi la kioo. Kingo hizo ndizo zinazokata uzi. Mimi situmii uzi wa pamba kabisa, na mshipi wa kuvulia samaki hunyooka na fundo lake hufunguka. Natumia waya laini wa nyuzi za chuma uliofunikwa nailoni, ncha zikibanwa kwa vipete vya kuminywa na koleo. Kati ya ushanga na ushanga wekeni kisahani cha shaba, kioo kisigongane na kioo kikabanduka. Tundu likiwa pana mno hata visahani vinazama, lijazeni kwa shanga ndogondogo zilizotungwa kwenye waya uleule. Hazitaonekana, na ushanga mkubwa utatulia katikati.

Nimeulizwa hapa mbele: ushanga mmoja ukivunjika? Ndiyo maana ya ile jozi ya akiba. Ishoneni ndani ya kifuko cha seti, pamoja na kipande cha waya na vipete viwili, kwa sababu mkupuo ule hamtaupata tena.